Feza ya Chumvi, Kuni za Kilio

Ninyi vijana mutakaosoma hii, bajukuu bangu na batoto ba majirani, ninajua mutaniuliza mimi bibi yenu: mukaka, habari ya compte ya banki nayo inaandikwa? Kwenu compte inafunguliwa mutu akisimama. Yule wa parasoli ku rond-point, mwenye kutumia batu feza ku telefone, anatazama carte yako, anagusa telefone yake mara tatu, anakuambia weka code, na mbele mukate wako haujaisha mu kinywa umekuwa mutu wa banki. Basi tulieni. Mimi nilisoma mupaka mwaka wa tatu wa primaire tu, donc sitawapambia maneno. Nitawaambia habari ya mwaka mumoja, mwaka nilichagua fasi ya kuweka feza ya chumvi na sabuni, na namna ile feza ndogo ilitaka kunivunjia nyumba.

Kitu kilichonikumbusha ni karatasi. Mwaka huu, nyuma ya kumuzika bwana yangu Kambale, mujukuu wangu Gloire alisema haifai nichunge feza ya nyanya zangu mu kitambaa kiunoni. Akanipeleka banki, akakaa ku meza na bic yake, akaanza kunijazia. Jina. Fasi ya kuzaliwa. Kisha akafika penye kunaandikwa maneno matatu, ya mutu hajaolewa, ya mutu ameolewa, na ya mujane, na kando ya kila neno kuko kisanduku kidogo sawa dirisha. Mutoto akashusha bic ku ya tatu. Nikamukamata mukono, nikamwambia ngoja. Alifikiri ninalia, akaanza kunitafutia mouchoir mu sakoshi. Sikuwa nalia. Nilikuwa nakumbuka tu ya kwamba hii ni mara ya pili mutu ananiandika mujane wa mwanaume huyu huyu, na mara ya kwanza alikuwa mwenye uhai, anakula, anavaa viatu.

Mwaka ule ulikuwa wa vita ya pili. Barabara ya Beni ilikuwa inafungwa na kufunguliwa sawa mulango wa nyumba ya kuku: leo tunapita, kesho kamba ya basoda iko juu. Kambale alikuwa ameenda na lori ya maharagi upande wa Kisangani, safari ya majuma matatu, na mustari wa vita ukakatia nyuma yake. Alibakia kule. Barua, hapana. Dereva mumoja wa Eringeti alisema alimuona mu soko ya kule, amekonda, anavaa viatu vya mutu mwengine. Ile njo habari yote tulikuwa nayo kwa mwaka muzima na kitu. Mimi nilibaki Butembo na batoto bane, nikauzisha mawese. Kila juma, kama kamba imeshushwa, nilikuwa nashuka Beni, nalala kwa dada yangu kule Mulekera, mu joto na mbu, asubui nanunua mabidoni mawili ao matatu, napandisha nayo mu baridi yetu. Tukifika Maboya kila mutu juu ya gari anavaa sweta bila kuambiwa. Ku nyumba nilikuwa nakuta Masika, mutoto wangu wa kwanza, mwenye miaka kumi na moja, amekwisha kusonga bugali na kupika sombe, na ku meza sahani zimepangwa: yangu, zao, na ya baba yao. Ya baba yao ilikuwa imegeuzwa kichwa chini, ili vumbi isiingie. Hakuna mutu alimutuma kufanya vile. Alianza mwenyewe siku Kambale alipanda lori, na hakuna mutu alikuwa na moyo wa kumukataza.

Kuuzisha haikuwa shida. Shida ilikuwa kuchunga. Basoda balikuwa banajua fasi zote mwanamuke anaficha feza: mu unga, mu godoro, chini ya jiko, mu matambara ya mutoto muchanga. Bengine habakusoma kitu kingine mu maisha yao, mais ile somo balimaliza. Donc mu lupango yetu, tukikaa bamama tunachambua maharagi, mazungumuzo ilikuwa ile ile: wewe unawekaga wapi? Kuko bale ba kirimba, kila mumoja anatia kila juma, zamu yako inafika nyuma ya miezi, unapata kitita. Kirimba ilikuwa muzuri kwa kununua mabati. Mais bati hailambwi mu mboga. Kuko mufanyabiashara mumoja wa makayabu alikuwa anachungia batu bure mu coffre yake, na ukienda kutosha, maana kutoa feza yako, anakwambia leo sina feza ndogo-ndogo, mama, beba samaki. Jirani yangu aliweka kwake feza ya mafuta ya kupaka mwili, akatoka na makayabu mbili, akabakia na ngozi kavu mwezi muzima. Tulimucheka mupaka akakasirika. Kwa mapadri ilikuwa salama kupita zote, lakini ile ilikuwa fasi ya feza kubwa: unaenda na barua, unaambiwa rudi juma ya kesho. Chumvi haingojaga juma ya kesho. Njo vile mimi, sawa mwanamuke mwenye kufuata ukoo, niliweka yangu kwa shemeki Paluku, yaya wa bwana yangu, ndugu yake aliyezaliwa mbele yake.

Sitaki mumuwaze Paluku kama mutu mubaya. Hakuniibia hata franga moja. Alikuwa na malle, sanduku ya chuma, chini ya kitanda, na ndani yake feza yangu ilikaa mu soksi ya kijani, imefungwa kamba, hakuna mutu alikuwa na ruhusa ya kuigusa, hata muke wake. Mais kutosha ile feza ilikuwa kazi ya nusu siku. Unaingia mu salon, unakaa ku kiti chenye kitambaa cha kushonwa, unangojea habari za redio ziishe. Ziishe mu Kiswahili, kisha ziishe mu Kifaransa. Nyuma yake anapunguza sauti, anakutazama.

"Karibu, Mama Masika. Unataka kiasi gani?"

"Kidogo tu, shemeki. Ya nyumba."

"Ya nini?"

Nikisema ya chumvi, anauliza ile ya juma iliyopita imeenda wapi. Nikisema ya sabuni, anauliza batoto banaoga mara ngapi. Alikuwa anauliza na upole, sawa mwalimu, na mwisho alikuwa anatoa, karibu kila mara. Mais siku moja nilihitaji bitambaa bya mambo ya mwezi. Kuko bintu mwanamuke hasemi mbele ya yaya wa bwana yake. Nikasema ya dawa. Akauliza dawa ya nani, nikasema ya mutoto, akasema pole, na mbele nifike kwangu muke wake alikuwa amekwisha kufika na chupa ya asali na majani, anauliza mutoto mugonjwa ni yupi. Batoto bote bane balikuwa banaruka kamba mu kiwanja. Nilirudi na uongo wangu, bila bitambaa, na ile jioni nikapasua kanga yangu ya zamani, nikasema mu moyo: feza ni yangu, jasho ni yangu, na damu pia ni yangu.

Cooperative ya kuchungia batu feza ilikuwa mu nyumba iliyokuwa duka ya samaki. Harufu ilibakia ndani ya mbao. Kulikuwa benki ya kukaa, kalenda ya mwaka uliopita, na guichet, dirisha ya feza, iliyokatwa na msumeno mu ubao, si sawa kabisa, upande mumoja juu kupita mwengine. Nyuma yake alikaa binti mumoja wa miwani, Kahambu, mutoto wa mulezi wa kanisa ya Kiprotestanti. Nilikuwa nimeingia tu juu ya mvua. Mbele yangu mama mumoja akatoa carnet yake, kitabu kidogo cha feza, akaomba bei ya sabuni moja. Sabuni moja. Kahambu akaandika, akasukuma feza, akasema asante mama, mwengine. Ile njo yote. Hakumuuliza ya nini. Hata hakunyanyua kichwa. Nilibaki nimesimama, maji inanitiririka ku mabega, kama mutu ameona Petro anatembea juu ya ziwa. Nikauliza inaomba nini. Kahambu akanielezea: unaweka siku yoyote ya soko, unatosha siku yoyote ya soko, hakuna kiasi ni kidogo sana, unalipa carnet mara moja. Kisha akauliza kama niko na bwana.

Nikasema niko naye. Akasema basi inaomba barua yake, juu muke mwenye kuolewa anafungua na ruhusa ya bwana, njo sheria. Nikasema bwana eko Kisangani, nyuma ya vita. Akafikiri, akasema haiko neno, yaya yake ao baba yake anaweza kutia saini, na yeye njo atakuwa anakuja pamoja na mimi siku ya kutosha. Mu mawazo nikaona Paluku amesimama ku ile guichet, amepunguza redio.

"Na nani anafungua bila kuomba mutu?" nikauliza.

"Musichana," Kahambu akasema. "Na mujane."

Ile njia ya musichana batoto bane balikuwa bamekwisha kunifungia. Nilitazama mikono yangu, yenye mafuta ya mawese mu mistari yote, ile haitokaka na maji.

"Basi andika mujane."

Akanitazama juu ya miwani. "Pole, mama. Tangu lini?"

"Tangu mvua."

Sikusema amekufa. Nilijiambia vile njia nzima ya kurudi: sikusema amekufa, nilisema tangu mvua, na kweli tangu mvua sikuwa na bwana. Leo, na hizi mvi zangu, ninajua mutu anajidanganya na kweli kupita vile anajidanganya na uongo. Mais sitawaficha: nilibeba ile carnet chini ya nguo sawa mutu amebeba yai, na nilisikia raha.

Majuma matatu yalikuwa matamu. Nilikuwa natosha bei ya chumvi, naenda. Bei ya samaki za Kyavinyonge, naenda. Saini yangu ilikuwa inachukua muda, juu nilikuwa naandika jina lote herufi kwa herufi, na batu ba nyuma balikuwa banaguna, na mimi sikujali. Siku moja nilitosha bei ya chai ya maziwa na beignet mbili, nikaenda mu malewa, hoteli ndogo ya chakula, kando ya ile bureau, nikakaa mimi peke yangu, mugongo ku barabara. Nilikuwa na miaka makumi tatu na kitu, na sikuwa nimekwisha kukaa ku meza ya kulipia mu maisha yangu. Mwenye malewa akaniuliza sukari ngapi. Ile swali moja tu. Nilikunywa yote, mupaka majani ya chini.

Lakini neno lile lilikuwa linatembea na mimi. Ku misa, padri akisoma majina ya marehemu, nilikuwa nainamisha kichwa kama mutu anangojea kofi. Nikirudi mu nyumba nakuta ile sahani imegeuzwa, nakula nikitazama ukuta. Sisi batu ba hapa tunajua: mutu mwenye uhai haandikwi kati ya batu bamekufa, hata na muchezo, juu lufu, kile kifo, inajua kusoma. Kama bangeniletea habari mbaya kutoka Kisangani ile juma, ningesema ni mimi nilimuitia.

Sasa sikilizeni kosa langu lilikuwa wapi. Ukurasa wa mwisho wa carnet ulikuwa na mistari mingi ya Kifaransa, herufi ndogo sawa mayai ya chawa. Sikuisoma. Ilisema ya kwamba banamemba ba cooperative banafarijiana, na mwenye kufiwa mu mwaka hawezi kuachwa. Kahambu, mutoto mwema, alipeleka jina langu kwa bamama ba mapole, bale ba kufariji bafiwa, sawa vile sheria ilimutuma. Na Butembo munaijua. Vita, barabara kufungwa, njaa, yote inaweza kutushinda, mais mutu kulia peke yake, ile hatukubali.

Balikuja siku ya posho, Jumamosi, asubui, jua ilikuwa imetoka muzuri. Nilikuwa mu kiwanja naosha mabidoni na majivu ya moto. Nikasikia wimbo wa kanisa, pole-pole, unapanda njia yetu. Nikatazama juu ya lupango: bamama kama kumi na tano, mumoja nyuma ya mwengine, kila mumoja na muzigo wa kuni mugongoni, mukaba ku paji la uso, na bengine bitunga bya maharagi. Nikawaza, maskini, nani amekufa huku kwetu? Nikafuta mikono ku kitambaa nipate kubafuata. Bakageukia ku mulango wangu. Bakaingia. Bakatua kuni zote pamoja, ile sauti ninaisikia mupaka leo, na mukubwa wao, Mama Kyakimwa, mujane mwenyewe, mwanamuke mukubwa wa mwili na sauti ndogo, akanikumbatia na jasho yake yote.

"Pole, Mama Masika. Utusamehe, tumechelewa. Mutu wako amekufa tangu mvua, na wewe unakuja ku guichet na macho makavu, unatuficha. Leo utalia. Tuko hapa."

Bakaanza. Munajua vile bamama betu banalia kama banaanza pamoja. Na Masika akatoka mu jiko na beseni ya maji. Alisikia jina la baba yake mu kile kilio. Hakuangusha beseni. Aliiweka chini pole, sawa mutu mukubwa, maji haikumwangika hata kidogo, akanitazama na kuuliza neno moja tu: "Papa?" Kisha akakaa mu majivu yangu.

Kuko saa mutu anaweza kukimbia na saa hawezi. Ningeweza kunyamaza. Bangelia siku tatu, bangekula maharagi, bangeenda, na mimi ningebaki na carnet yangu. Nilimutazama mutoto wangu ndani ya majivu.

"Munyamaze," nikasema. "Hajakufa. Ao kama amekufa, mimi hapana jua. Mimi njo nilimuua, ku karatasi ya cooperative, nipate compte bila kuomba mutu."

Kuku peke yake alikuwa anatembea. Kisha mumoja kutoka nyuma akasema, na pumuzi bado juu, "Mama Masika, mimi nimepandisha hii mulima na kuni mugongoni, na bwana yako anakula bugali?" Bengine bakacheka, ile kicheko ya mutu hajui afanye nini. Mumoja akatema mate, akabeba kitunga chake cha maharagi, akatoka. Mama Kyakimwa hakucheka na hakutema.

"Ile neno mimi nilipewa siku niliosha maiti," akasema na ile sauti yake ndogo. "Wewe uliichukua ku guichet sawa mutu ananunua kiberiti."

Nilimuendea Masika nikamwambia papa yako eko, ni mama alisema vibaya. Akanitazama kama mutu anatazama muuzaji amekwisha kumupunja mara moja.

Habari katika Butembo haiombagi gari. Mbele jua ifike katikati, Paluku akaingia, na koti yake nyeusi ya kuzikia, na macho mekundu. Alikuwa amemulilia mudogo yake njia nzima. Bamama bakamuelezea mbele mimi nifungue kinywa. Alikaa juu ya zile kuni. Alivua kofia, akaiweka ku goti. Nilingojea anipige, ao aseme nyumba ni ya ukoo, nitoke. Kuko wanawake balitoshwa mu nyumba kwa kosa ndogo kupita ile. Akauliza neno lake lile lile, mais na sauti ingine, sawa mutu anataka kujua kweli.

"Ya nini, Mama Masika?"

"Ya chumvi, shemeki."

"Umemuzika mudogo yangu juu ya chumvi."

"Hapana juu ya chumvi. Juu ya kuulizwa. Kila kijiko cha chumvi mu hii nyumba kimepita mu kinywa chako mbele ya kufika mu sufuria. Sikukosa feza, shemeki. Nilichoka kusema."

Mama Kyakimwa, hakumutazama hata, alisema kama mutu anasema na kuku: "Bwana yangu alipokufa, nilimulilia mwaka. Mais ile kazi ya kumuhesabia chumvi, ile sikuililia." Paluku akavaa kofia, akasimama, akatoka bila kuaga. Nilisema imeisha. Akarudi na ile soksi ya kijani mu mukono, mbele ya batu bote, soksi ya mwanaume barabarani muchana kweupe, akaniwekea ku mapaja. Akasema siku ya kwanza ya juma nimungojee ku mulango wa cooperative.

Alikuja. Alisimama mu mustari nyuma ya bamama, kofia mu mukono, na banamutazama, na anavumilia. Mukubwa wa bureau alikuwa amekwisha kumugombeza Kahambu mupaka miwani yake ilikuwa na machozi, na mimi aliniambia carnet yangu ni ya uongo, inafungwa, mupaka bwana arudi ao ukoo utie saini na kutosha pamoja. Paluku akaomba bic. Akaandika akisimama, karatasi ku ukuta, kwa muda murefu, na akanipatia mimi kwanza nisome, mimi wa mwaka wa tatu. Nilisoma pole-pole. Alikuwa ameandika: Mudogo yangu Kambale eko hai mupaka tutakapoambiwa. Muke yake njo anachunga nyumba. Feza ni ya jasho yake, atatosha peke yake. Asiulizwe ya nini. Mukubwa wa bureau akasema maneno kama ile haiandikwi mu barua ya bureau. Paluku akasema basi yeye njo wa kwanza kuyaandika. Bakafuta mujane, bakaandika nimeolewa, na Kahambu akasukuma carnet mu guichet bila kunitazama.

Musifikiri tuliachana na kicheko. Ku barabara Paluku aliniambia hatakula tena ku meza yangu mupaka siku Kambale mwenyewe atakula pale. Akachunga neno lake. Alikuwa anapita, anasalimia batoto ku mulango, anakataa hata maji. Ile cooperative nayo ilikuja kufa miaka kadiri nyuma yake, mukubwa alihama na funguo, nikapoteza kama bei ya mbuzi jike, na hakuna mutu aliipelekea kuni. Sijutii. Munaponiuliza compte gani ni muzuri, munanionyesha rangi ya affiche za ukutani na bonus, mimi ninauliza kitu kimoja tu: nani anakaa nyuma ya dirisha, na atakuuliza nini? Ile ya kujenga iwekeni fasi ngumu, hata mbali, batu bengi batie saini. Mais ile ya kila siku, ya chumvi, iweke penye utaitosha na jina yako peke yake. Na jina iwe yako ya kweli. Nilikaa siku mbili nikirudisha maharagi, kitunga kwa kitunga, nyumba kwa nyumba, nikisema samahani ku kila mulango, na bengine balinifungulia na bengine hapana. Mama Kyakimwa alinifungulia, akanipatia chai, hakunipatia sukari.

Kuni, hakuna mutu alikubali kuzirudisha. Kuni zilizoingia mu kilio hazirudi kwa mwenyewe. Na kuzichoma ku chakula cha kawaida nani angeweza? Zilibaki chini ya paa, ku ukuta wa jiko, muzigo juu ya muzigo. Masika hakuweka tena ile sahani ku meza. Nilimwambia mara nyingi papa yako eko, akasema ndiyo mama, na sahani ikabaki mu kabati. Mais akatafuta sheeting, turubai ya zamani, akafunika zile kuni juu ya mvua, na kila kipindi cha mvua alikuwa anazitazama kama mutu anachunga mutoto mulevi wa usingizi. Tulinunua kuni zingine, za bei, na zile zimelala pale, kavu, nzuri. Mudogo yake akivuta kijiti kimoja tu kwa kuchezea, anapigwa. Nilimwelewa nyuma sana. Kwake, siku ile kuni zingewashwa, baba yake angekuwa amekufa kweli.

Ile siku ku banki na Gloire, nilikamata mukono wake mupaka nilipomaliza kukumbuka yote, na batu ku mustari balikuwa banaguna sawa zamani. Kisha nikamwachia. Nikamwambia andika, mutoto, sasa ni yangu. Akaandika.

Mais ile mara ya kwanza iliisha hivi. Ilikuwa kiangazi, mwaka na miezi nyuma ya kilio. Nilikuwa ku mulango nachagua mchele. Mwanaume akapanda njia kutoka upande wa barabara ya Beni, na mufuko mumoja, na viatu vya mutu mwengine, kama dereva alivyosema. Alisimama mbele ya lupango akaangalia ukuta wa jiko, juu macho ya mutu aliyetoka safari inaanzia ku kitu kigeni. Akaniuliza, mbele ya salamu, "Hizi kuni zote ni za nani?"

"Zako," nikasema.

Masika alikuwa amesimama nyuma yangu. Alipita kando yangu, hakukimbia, akamugusa baba yake ku mukono na kidole kimoja, sawa mutu anagusa sufuria kama bado ni moto. Kisha akaenda mwenyewe ku ukuta, akaanza kuvuta ile sheeting. Nikaita batoto bote, nikabaagiza:

"Washeni moto na hizi kuni, zote, musibakishe hata moja. Masika, tosha ile sahani mu kabati. Na mumoja akimbie kumuita Paluku aje kula. Akiuliza ya nini, mumwambie mwenye kuni amefika."